Kabla Hamjaliita Jarida Lenu Kifaru

Ukiombwa kuhariri jarida la chama cha wanajeshi wastaafu, usikubali jina lipitishwe katika kikao cha kwanza. Kamati yetu hapa Nairobi ilikuwa na haraka, kwa kuwa mpiga chapa wa River Road alisubiri jalada, na majina yaliyotajwa, kama Ushujaa na Umoja, yangeufaa hata ushirika wa maziwa.

Kifaru lilipendekezwa na wanachama ambao baba zao walipigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita Vikuu vya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 kwa kutegemea zaidi vikosi vya King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni Waingereza katika Afrika Mashariki, ilikuwa na nembo ya kichwa cha kifaru, na mwaka 1944 iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria hadi mto Chindwin. (Chama cha waliotumikia KAR kilichoko Uingereza kina jarida liitwalo Rhino Link, kwa hiyo chunguzeni kwanza nani ameshatumia jina mnalolitaka.)

Pingamizi lilikuja papo hapo. Mwanachama mmoja aliuliza, "Afande, baba yangu alikuwa msituni. KAR ndio waliomwinda. Nitalipelekaje jarida hili nyumbani?" Swali lake lilikuwa la haki, kwani baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952 vikosi hivyo vilitumiwa dhidi ya Mau Mau. Ushauri wangu ni kwamba pingamizi la aina hiyo lichapishwe katika toleo la kwanza, kando ya historia ya jina, kwa maneno ya mwenyewe na bila mhariri kulijibu. Jina likapita kwa kura. Wastaafu wa magari ya deraya nao waliliunga mkono wakidhani tunawasifu wao, na sikuona sababu ya kuwakatiza.

Jambo la mwisho ni uhakiki. Familia nyingi zitakuletea picha zikisema mzee alivaa kifaru begani, ilhali brigedi za 22 na 28 za Afrika Mashariki zilipigana Burma nje ya divisheni hiyo. Omba cheti cha kuachishwa jeshi, usome namba ya kikosi, na pasipokuwa na cheti andika tu kwamba alikwenda Burma.