Maswali yenu: gofu na afya ya akili

*Je, gofu inatibu sonona? (Barani, Malindi)*

Haitibu.

*Daktari alinipa vidonge vya sonona. Tangu nianze gofu najihisi mzima. Niviache? (Maweni, Malindi)*

Usiviache! Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji keshaanza kuruka siku. Vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo nafuu unayoisifia gofu huenda imetokana na dawa. Ukikatiza ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na hasira, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari.

Tena acheni kuchanganya mambo. Msongo wa mawazo una mzigo unaoonekana: karo, deni, ugomvi wa nyumbani. Sonona ni huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi na chakula huharibika pia. Msongo utaupunguza kwa kutembea mashimo tisa. Sonona inataka hospitali, uwanja uwe nyongeza. Anayesema anataka kufa msimpeleke kucheza ili "abadilishe mawazo". Mpelekeni hospitali leo, asiachwe peke yake. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

*Natumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka. Naweza kucheza jua la kaskazi? (Watamu)*

Unaweza, ila uanze mapema asubuhi, na umwambie daktari wako. Jasho likikutoka sana bila maji ya kutosha, lithiamu hupanda kwenye damu. Kunywa kidogo kidogo kila shimo, usingoje kiu, wala usijikatie chumvi kwa ghafla. Na mgongo ukiuma baada ya mchezo, usimeze brufeni wala diklofenaki bila kuuliza. Nazo hupandisha lithiamu. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, ukatapika, ukaharisha au ukapepesuka, weka fimbo chini uende hospitali.

*Nikifika kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, mpira uko hatua mbili tu kutoka shimoni, mkono unaruka. Ni woga? (Malindi mjini)*

Mara nyingi unabana pumzi na kukaba fimbo, mabega yanapanda, kifundo kinashtuka. Simama nyuma ya mpira, chagua jani moja kwenye mstari, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa sita, kisha piga bila kukawia. Shika fimbo kama unavyoshika kifaranga. Mruko ukibaki hata unapocheza peke yako, badili mshiko: kwa mtumiaji wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto uwe chini. Wengine tatizo ni la mishipa ya fahamu, si woga, na kuwacheka hakuwasaidii.

*Tukiweka dau mchezo unanoga. Kuna ubaya? (Malindi)*

Upo. Ulikuja kupumzisha kichwa, sasa kila shimo lina deni. Ukishakopa ili ulipe dau, tafuta msaada wa kuacha kamari.

*Sisi Lamu hatuna uwanja. (Langoni)*

Tembea pwani hadi kijiji cha Shela, kama kilomita tatu, alfajiri, maji yakiwa yametoka; yakijaa njia hufunikwa. Nyumbani laza gilasi kwenye mkeka, hatua tatu, upige mipira ishirini. Shimo halisi lina upana wa milimita 108, kwa hiyo gilasi ni kali zaidi.