Jibu: Mkristo kusema "nna bahati" ni dhambi?
Ndugu ulouliza kama Mkristo akisema "nna bahati" kamkana Mungu, mi naona hapana. Soma Ruthu 2:3, Biblia yenyewe yasema ni bahati yake Ruthu ilomtia shamba la Boazi, na Ruthu huyo ndo alokuja kuwa mamake babu yake Mfalme Daudi, sasa bahati gani hiyo km sio mkono wa Mungu? Mithali 16:33 nayo, kura twatupa sie, hukumu ya Bwana. Ila usimsingizie Mungu kila kitu, mi nilikosa boti ya Dar pale Malindi ya Unguja kwa usingizi wangu tu (mke wangu kaniamsha mara mbili!). Wafuasi wa Calvin (yule mwanamageuzi wa Kanisa) na Wamethodisti washabishana sana kuhusu hiari, yaani km mtu achagua mwenyewe au Mungu keshapanga yote, hawajamaliza mpk leo.