Re: Kuezeka upya, mbona Dar ghali kuliko Iringa?
Mkuu, umeuliza kwa nini ndugu yako kule Iringa ameezeka upya nyumba ya vyumba vitatu kwa hela ndogo kuliko uliyotajiwa wewe Kigamboni. Anza na mbao. Yeye yuko jirani na Mafinga zinakopasuliwa. Wewe unalipia lori na cha juu cha dalali.

Halafu uliza geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Bati la geji 28 ni nene kuliko la 32, na fundi akikuandikia "bati la msauzi" (hilo ni jina la muundo wa bati tu) bila geji, bado hajakutajia bei. Hapo kwako chumvi ya bahari inakula bati jembamba, hasa kwenye matundu ya misumari, kwa hiyo usibane hela hapo.

Wengi wanasahau mwinuko. Paa la nyuzi 30 linameza bati zaidi kwa takriban asilimia 15 kuliko eneo linalofunikwa. La nyuzi 45, asilimia 41. Likiwa na kona nyingi, vipande vinavyokatwa na kutupwa unavilipia vilevile.

Kabla hujatoa advansi, fundi apande darini akague kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Zikiwa nzima, huenda unahitaji bati, kofia (bati la kufunika kilele cha paa) na misumari tu.