Kilomita Chache au Matunzo Mazuri?

SWALI: Fedha zangu ni chache, nami natafuta gari lililotumika. Je, nichague lililotembea kilomita chache zaidi?

JIBU: Si lazima, kwa kuwa gari lililosimama muda mrefu hukauka mipira na sili (vizuizi vya mpira vinavyozuia oili isivuje), na matairi yake huzeeka hata yakionekana mapya. Umri wa tairi utaujua kwa tarakimu 4 za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ubavuni mwake: kwa mfano 2319 humaanisha lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi ningependelea lililotembea sana lakini lenye kumbukumbu za matengenezo. Omba kuliwasha injini ikiwa baridi (muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika atiliwe shaka), na ukiona moshi wa buluu, fahamu kwamba injini inaunguza oili. Tenga pia fedha za fundi wako mwenyewe kulikagua kabla hujalipa.