Makofi manne: Kiingereza kwa watoto wanaojua kughani

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, darasa langu la pili huko Kisauni, Mombasa, liliimba wimbo wa Kiingereza mbele ya wazazi. Watoto 58, sauti moja, hakuna aliyekosea hata neno. Akina mama walipiga vigelegele. Nikarudi darasani na furaha yangu, nikamwita kijana aliyesimama mstari wa mbele, yule aliyeimba kwa nguvu kuliko wote. “Mwanangu, hii ‘snow’ mliyoiimba ni nini?” Akafikiri kidogo, akanijibu kwa adabu: “Ni jina la mtoto wa kizungu, mwalimu.”

Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimewafundisha wimbo ule wiki sita, na ndani ya wiki sita sikuwahi kuwaambia theluji ni kitu gani. Mtoto wa Kisauni ataiona wapi? Nilifundisha sauti, nikadhani nimefundisha lugha.

Sikuacha nyimbo. Leo nafundisha kwa nyimbo na mashairi zaidi kuliko wakati ule, ila njia yangu imebadilika kabisa, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza walimu wenzangu wa madarasa ya chini, na wazazi walio na watoto wadogo nyumbani. Katika mtaala wetu wa Kenya, mtoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwa lugha ya pale alipo, ambayo kwetu Mombasa mara nyingi ni Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya masomo. Akifika gredi ya 4, Kiingereza kinageuka mlango wa karibu kila somo. Hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza. Miaka mitatu ndiyo tuliyonayo, na somo moja ni dakika 30.

Kabla sijaeleza ninavyofanya, niseme kwa nini nashikilia ushairi. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kuzungumza Kiswahili shuleni. Aliyekutwa na ubao jioni alichapwa. Nilijifunza kunyamaza, nikanyamaza vizuri sana, na Kiingereza changu kilichelewa miaka. Mtoto anayeghani pamoja na wenzake haogopi. Ndani ya ubeti hakuna wa kumvizia akikosea, na ulimi unapata nafasi ya kujaribu.

Tena mtoto wa mji huu haanzi sifuri. Wengi wa wanafunzi wangu wakitoka shule wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na wikendi pia, na huko wanahifadhi Kurani. Mwezi wa Maulidi utawasikia vibarazani wakiimba kasida ndefu bila kuangalia karatasi. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, ambaye karne ya 19 maneno yake ya ushairi yalikuwa silaha katika ugomvi wa Mombasa na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Sikio la mizani watoto wetu wanalo tangu utotoni. Ajabu ni kwamba sisi walimu tunaliacha mlangoni, kisha tunalalamika kuwa watoto hawana kumbukumbu.

Kutoka kwa maustadhi nilichukua jambo moja ambalo halinipungukii faida: mwanafunzi hapokei kipande kipya kabla cha jana hakijasomwa. Na kipande ni kifupi. Mimi zamani nilikuwa natoa wimbo mzima kwa mara moja. Sasa natoa mishororo miwili kwa wiki, miwili tu, na kila asubuhi tunaanza na ya wiki zilizopita. Mwisho wa muhula tunakuwa na mishororo isiyozidi 25. Ni michache ukiitazama kwenye karatasi ya manila, lakini kila mmoja wanaujua nje ndani.

Sasa nije kwenye makofi, maana hapa ndipo penyewe.

Kiswahili humpa kila silabi haki yake. Mshairi wetu anahesabu mizani, 8 katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 katika utao, nusu ya pili, na ikipungua moja sikio linagutuka. Kiingereza hakihesabu hivyo. Kinahesabu mapigo. Silabi zenye mkazo husimama kwa mwendo unaokaribia kulingana, na zile nyonge zilizo katikati hubanwa, hukimbizwa, nyingine humezwa nusu. Mtoto wetu akisoma Kiingereza kwa mizani ya Kiswahili, kila silabi kwa uzito mmoja, msikilizaji hupata taabu kumfuata. Taabu kubwa zaidi ni ya mtoto mwenyewe anaposikiliza: anangoja “and” na “the” na “is” zisikike wazi kama “na” yetu, nazo hazisikiki, basi sentensi inampita kama matatu isiyosimama.

Kanuni hii huwezi kumweleza mtoto wa miaka saba. Unaweza kumpa viganja vyake. Niliandika mishororo hii miwili kwa ajili ya darasa langu, kuhusu feri ya Likoni ambayo kila mmoja wao ameshaipanda au ameiona:

The FERry is COMing, the FERry is SLOW,
The FERry is FULL and it’s READy to GO.

Kofi linapigwa tu penye silabi iliyoandikwa yote kwa herufi kubwa. Mshororo una mizani 11, makofi 4. Siku ya kwanza hatuimbi, tunasema na kupiga. Siku ya pili nawapa mshororo mwingine: “Stop. Wait. Look. Go.” Mizani 4, makofi 4. Upande mmoja wa darasa unasema wa feri, upande wa pili unasema huu mfupi, kwa wakati mmoja, na makofi yote yanaangukia pamoja. Mara ya kwanza watoto hawaamini. Wanasimama, wanahesabu kwa vidole, wanataka kurudia. Silabi 11 nyembamba zimeingia mahali pa nne nene! Nawaacha warudie hata mara kumi, kwa sababu hapo wanajifunza kwa mwili jambo ambalo mimi nililijua chuo cha ualimu, tena kwa kusoma kitabuni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kutafuta wimbo wa kufundishia: usome kwanza kama mazungumzo, ukiupigia makofi, kisha usikilize tuni. Kama tuni inaweka uzito pasipo mkazo, uache, hata ukiwa mtamu namna gani. Kiswahili chetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na watoto tayari wanavuta “elephant” na “hospital” kuelekea huko, wanasema e-LE-phant, hos-PI-tal. Wimbo ukiwasaidia kukosea, kosa hilo litadumu, maana kilichoingia kwa tuni hakitoki kwa maelezo.

Jambo la pili ni miisho ya maneno. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, basi mtoto akikuta “hot” na “pot” anavipa irabu ya kufungia safari: hoti, poti. Kwake neno bila irabu mwishoni ni kama nyumba bila mlango. Mimi nawaambia kinyume chake: hapa mlango upo, na lazima ufungwe. Tunao ubeti mdogo wa jikoni:

Hot pot, hot pot,
Is it ready? No, it’s not.

Kila penye “t” ya mwisho wanafunga viganja, paa, kama mlango uliosukumwa na upepo wa kusi, na mdomo hauruhusiwi kufunguka tena. Zoezi hilo dogo limenisaidia kuliko masahihisho yangu yote ya kalamu nyekundu. Na kwa kuwa “hot, pot, not” ni vina, nawaandikia ubaoni vikiwa vimepangwa, nafuta herufi ya mwanzo, nauliza tukiweka “l” inakuwaje. Kusoma Kiswahili tumezoea ba, be, bi, bo, bu. Kiingereza hakisomeki hivyo, lakini kinasomeka kwa vina. Mtoto aliyeshika familia moja ya vina amepata maneno matano au sita kwa bei ya moja.

Ziko pia sauti ambazo watoto wa pwani wanazo tayari na hakuna anayewaambia. “Three” ina th ya “thamani”. “This” ina dh ya “dhahabu”. Na mtoto aliyelelewa kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, anajua kuwa paa la nyumba na p’aa wa mwituni havitamkwi sawa. Yule mnyama ana pumzi kwenye p. Pumzi hiyohiyo ndiyo iliyo katika “pen” na “pot”. Nilipoliambia darasa hivyo, watoto wa Mji wa Kale walinyanyua shingo. Lugha ya bibi zao ilikuwa imewatangulia kufika.

Lakini makofi na matamshi peke yake yangenirudisha kwa yule kijana na “snow” yake. Wimbo ukishakaa kichwani ni lazima uvunjwe. Wapo watoto mitaani mwetu wanaomkimbilia kila mgeni na “how are you” iliyoshikana kama neno moja, na mgeni akiuliza swali lolote nje ya hapo, wanarudia ileile. Wanalo donge, hawajalimega. Kazi yangu kuanzia Jumatano ni kulimega donge. Naondoa neno moja katika mshororo na kuacha nafasi ya pigo lake. “The … is coming.” Wanaleta wanachokijua: tuk-tuk, donkey, teacher. Anayetaka neno asilolijua kwa Kiingereza ananiuliza kwa Kiswahili, na mimi namjibu. Sioni aibu yoyote kutumia Kiswahili hapo. Neno ambalo mtoto ameliomba mwenyewe halimtoki.

Mwaka juzi nilikuwa na binti mpole sana, mama yake anafanya kazi Uarabuni, naye analelewa na bibi. Muhula mzima sikuwahi kumsikia akisema Kiingereza peke yake. Siku moja ya kulimega donge la feri, akanyosha kidole. “My mother is coming, my mother is slow.” Darasa likatulia. Akaniuliza, “Mwalimu, ‘mbali’ kwa Kiingereza ni nini?” Nikamwambia, “far”. Akaanza upya: “My mother is coming, my mother is far.” Wenzake walimpigia makofi yake manne, taratibu, kila moja mahali pake. Sikusahihisha kitu. Hapakuwa na cha kusahihisha.

Hapo pia mtaona kwa nini siridhiki na kuimba kwa pamoja peke yake. Kwaya huficha. Mtoto anaweza kuchezesha mdomo mwaka mzima nawe usijue. Basi baada ya darasa zima, nagawa pande mbili zinazojibizana, kisha safu kwa safu, kisha wawili wawili, na mwisho anayetaka asimame peke yake. Simlazimishi mtu. Wanaochelewa nawapa vitendawili: mimi nasema “Kitendawili!” wao “Tega!”, kisha natega kwa Kiingereza chepesi, jibu lake neno moja. Neno moja ni mwanzo mzuri kwa mwenye haya.

Niseme pia kuhusu wazazi. Wako wasiopenda ala za muziki, na nawaheshimu. Mimi hutumia viganja na sauti tu, na tuni za kasida siziazimi, kwa sababu zile zina mahali pake katika nyoyo za watu. Tangu niliposema hivyo wazi katika mkutano wa wazazi, hakuna aliyemtoa mtoto wake katika kipindi changu.

Mzazi mwingine huniambia hana Kiingereza, atamsaidiaje mwanawe? Namjibu amwombe mtoto mishororo miwili ya wiki, kila usiku, na wapige makofi pamoja. Makofi hayahitaji Kiingereza. Bibi yake yule binti alikuja shuleni siku moja, akakaa kwenye benchi, akavuta pumzi.

“Mwalimu, huyu mjukuu wangu jana kaniruka kofi moja. Nikamrudisha.”

“Katika mshororo gani, bibi?”

Hakutamka neno. Akaupiga wote kwa viganja, kofi la kwanza, la pili, akaacha pengo, akapiga la nne. Lilirukwa pale penye “ready”.