Joe hakuzuka tu mwishoni

Dada, umesema msimu wa kwanza wa Broadchurch, ile tamthilia ya upelelezi ya Uingereza, ulituhadaa, kwamba Joe Miller alibebeshwa tu mauaji ya yule mvulana Danny kwenye kipindi cha mwisho. Hapana, sikubali. (Ambaye hajautazama aishie hapa.)

Rudi kipindi cha 1. Tom, mwanawe Joe, akishasikia Danny amekufa anafuta ujumbe kwenye simu yake. Sote tukamshuku mtoto, na hakuna aliyeuliza ni nani mwingine anaishi nyumba ile. Halafu zile pauni 500 zilizopatikana chumbani mwa Danny: mvulana wa miaka 11 anayesambaza magazeti hawezi kuwa na pesa hizo bila mtu mzima kumpa.

Mimi na shemeji tuliutazama hapa Kondele tukikesha, na nilikuwa nimeapa muuaji ni Jack Marshall, yule mzee wa duka la magazeti. Alipojiua niliumia kweli, maana nami nilikuwa nimemhukumu pamoja na mji mzima.

Lakini dalili kubwa ni Joe mwenyewe. Baba mpole anashinda nyumbani na mtoto mchanga, mkewe Ellie ndiye mpelelezi. Ni kama jirani anayekuja matangani kukusaidia kupika chai. Nani atamwuliza alikuwa wapi usiku ule? Kikulacho ki nguoni mwako, na Ellie hakuhisi kitu.

Kwa Steve, yule fundi wa simu anayedai kupata ujumbe kutoka kwa wafu, hapo nakuunga mkono: alinichosha mimi pia.