Video za kununua hazimzoeshi mtoto shule

Swali: Mwalimu, mwanangu ana miaka 4, anaanza PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) Januari hapa Langoni, na ni mwoga sana wa watu. Kuna mtu anauza video kwa WhatsApp, anaziita hadithi za kidijitali, ati mtoto akiziangalia kila siku hatalia akienda shule. Ninunue? Na tablet ni lazima? – Mama, Lamu

Jibu: Usinunue mamangu, na hiyo simu uliyoniandikia inatosha.

Kila mwaka ukielekea kuisha naulizwa hili na wauzaji wanazidi tu. Katuni si hadithi ya kidijitali jamani! Huu mtindo ulishika California miaka ya 1990, kina Joe Lambert ndio waanzilishi, na kazi yenyewe ilikuwa mtu wa kawaida atengeneze hadithi YAKE, picha chache na sauti yake, dakika 2 au 3 basi. Sasa mtu anachukua katuni ya watoto wanapanda basi la njano kwenye theluji anamuuzia mtoto wa Amu (Lamu hapa) atakayeenda shule kwa miguu akipishana na punda vichochoroni, hapo amemzoesha nini?

Mtoto wa umri huo hofu yake ni vitu vidogo, choo kiko wapi, nikishikwa na kiu nimwambie nani, na je mama atarudi. Choo cha shule yenu hakimo kwenye video ya mtu.

Zungumza na shule mwende kabla haijafungwa, simu mpe yeye apige picha (nusu zitakuwa vidole, wacha tu), mlango, choo, pale pa kunywa uji, mwalimu mwenyewe akikubali. Nyumbani chagueni kama 6, bonyeza rekodi, aseme yeye, hiyo ndiyo hadithi yake ya kidijitali, na aseme Kiamu chake (Kiswahili cha Lamu) usimsahihishe, mana hata sera ya serikali inataka hawa wadogo wafunzwe kwa lugha ya pale walipo. Picha ya mwisho iwe ya yule atakayemchukua hasa, kama ni nyanyake basi nyanyake, usijiweke wewe kisha siku hiyo usitokee. Na usimrekodie kwamba hatalia. Huenda akalia, wiki ya kwanza kulia si ugonjwa.

Hawa wa "kila siku aangalie" ndio wananichosha zaidi. WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema 2019, mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Wengine wanaomba uwatumie jina na sura ya mtoto ati wamtengenezee video yake, nyinyi mnatuma tu! Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla data ya mtoto haijatumiwa, lakini ukishatuma mwenyewe kwa mtu usiyemjua utamdai nani? Hata sisi walimu tumo, wapo wanaorekodi vilio vya siku ya kwanza wanaweka status watu wacheke. Ukiona cha mwanao, mwambie mwalimu akifute siku hiyo hiyo.